Kinyumenyume Hadi Jangwani

Tangu tuoane, kila Desemba tunakwenda Machame, kwao mume wangu. Mwaka huu Elisaria alikubali, mbele ya mchungaji, kwamba Krismasi tutaila Mwika kwa mama yangu, kwa mara ya kwanza. Niliapa hakuna kitakachonizuia. Giaboksi sikuifikiria.

Gari lilianza visa mapema. Ukiweka gia, linasubiri kwanza, kisha linashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Baadaye likawa linanguruma na mwendo hauongezeki. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakifuta kwa tishu. Oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

"Baba Lucky, badilisha hii oili."

"Mama Lucky, giaboksi ya otomatiki haiguswi. Imefungwa kiwandani. Wewe uza vitenge."

Mwanamume huyu hali ugali wa jana, lakini oili ya tangu tununue gari aliiona bado mbichi! Na ubovu aliutengeneza mwenyewe. Nyuma ya duka letu Kariakoo, kutoka mahali pa kuegesha kunataka mbele kidogo, nyuma kidogo, katikati ya mikokoteni na marobota. Elisaria alikuwa akihamisha gia magurudumu bado yanazunguka, ili wabeba mizigo wamwone ana haraka.

Siku ya safari tulilijaza gari mchele, sukari na vitenge vya mama. Elisaria akaweka gia ya kwenda mbele. Injini ikanguruma, gari likabaki palepale. Akakanyaga mafuta. Palepale. Akaweka rivasi, likatoka vizuri kabisa.

"Si unaona? Ni zima," akasema.

"Kwa hiyo tunaenda Mwika kinyumenyume?"

Kuvutwa kwa kamba mbele ya wafanyabiashara wenzake alikataa katakata. Basi tukaenda kwa fundi Ramadhan, bondeni Jangwani, kwa rivasi. Mimi nilitangulia kwa miguu nikipunga kitenge ili watu wapishe, huku Elisaria amegeuza shingo, jasho linamtiririka. Kariakoo nzima ilisimama kutucheka.

"Anko, mbele ni huku!" muuza maji akapiga kelele.

Fundi Ramadhan alifungua bakuli la oili, akachota unga wa chuma kwa kidole.

"Mzee, klachi za mbele zimekwisha. Za rivasi ndizo zimebaki. Ungebadilisha oili mapema, na ungesimama kabisa kabla ya kuhamisha gia, saa hizi ungekuwa Chalinze. Giaboksi nyingine labda baada ya Krismasi."

Nilikaa juu ya gunia la mchele nikalia, tena kwa sauti. Mama anazeeka, na mimi kila mwaka napita karibu na kwao nikiwa na haraka ya kwenda kwa wengine. Elisaria nilimjua. Kwake, kurudi nyumbani Desemba bila gari ni kama kurudi bila suruali. Mwaka jana alimcheka shemeji yake aliyeshuka kwenye basi na begi kichwani. Nilingoja aseme tuahirishe.

Badala yake akatoa simu, akapiga Mwika, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmefika wapi?"

"Jangwani, mama." Akanigeukia. "Gari imekufa. Nimeiua mwenyewe, mwanao Elieshi aliniambia nikambishia. Tunakuja na basi, hata kama ni la kusimama."

"Sasa hilo gari mimi ningelipeleka wapi?" mama akasema. "Kitanda nimeshatandika. Niletee mwanangu."

Elisaria alijifuta uso kwa kitambaa cha fundi, akabaki na mstari mweusi hadi sikioni, akaanza kumweleza mama habari za klachi. Nikampokonya simu.