Kunde za Baba Mkubwa

Mgeni alifika Jumamosi wakati wa jua kali, mkoba mgongoni kama kobe aliyehama na samani zake zote, na kabla hajautua, Baba Mkubwa Lassine alikuwa keshampa jina.

"Wewe ni Diarra," alimwambia, wala hakuinuka kwenye kiti chake cha kamba, kiti ambacho hakijaondoka mlangoni pake tangu siku aliyostaafu kuendesha treni. "Nimekutazama tu unavyoingia, nikasema, mwendo ule ni wa mtu aliyeshiba kunde."

Uwanja mzima ukacheka. Sitan alikuwa amechutama kwenye beseni la rangi, glavu hadi viwikoni, akigeuza kitambaa cha bazeni kilichokuwa kinaelekea kuwa bluu. Naye alicheka, ila kwa adabu. Katika nyumba ile ya ng'ambo ya mto, pale Bamako, wote ni Traoré, na Traoré na Diarra ni watani tangu enzi ambazo hata babu wa babu alizisikia kwa watu. Watani hao huitana watumwa, na tusi lao kubwa ni moja tu: kunde. Anayekuita mla kunde anakupenda. Dawa yake ni kukana kwa nguvu zote, kisha umrudishie: mla kunde ni wewe, na baba yako, na punda wa baba yako.

Mgeni hakuijua dawa hiyo. Jina lake Ilze, ametoka Latvia, nchi ambayo mito yake huganda hadi watu wakavuka kwa miguu, na alikuwa ameelekezwa kwao na mnunuzi mmoja wa vitambaa vyao. Alifikiri ameulizwa swali, akalijibu.

"Ndiyo, baba," alisema, kwa Kifaransa cha mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. "Kwetu tunakula kunde. Za kijivu. Kila Krismasi, bakuli zima."

Mama Founè, mama yake Sitan, akaacha kukamua kitambaa.

"Na lazima tuzimalize," mgeni aliendelea, akiona watu wamevutiwa na habari zake. "Kila punje inayobaki kwenye bakuli ni chozi moja utakalolia mwaka ujao."

Hapo Baba Mkubwa alipasuka. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akaanza upya. "Amekiri! Jamani, Diarra amekiri kwa mdomo wake! Miaka sitini na nane naishi, sijawahi kulisikia hilo! Mleteeni maji mtumwa wangu huyu, asije akanifia kabla sijamtambulisha kwa watu!"

Sitan alisimama na kitambaa kinachochuruzika mkononi, rangi ikimwagikia miguuni. Kicheko kile kilikuwa hakijasikika nyumbani kwa miezi miwili. Na aliyekifukuza, ingawa bila kosa lake, alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Sitan alikuwa akichumbiwa na Tiémoko, kijana fundi wa pikipiki, mrefu, mwenye haya, ambaye kila akija kumwona alijidai amekuja kusikiliza kama kuna pikipiki inayokohoa. Watu wake wakamtuma mshenga, mzee Balla Kouyaté, alete posa: kola kumi nyeupe, zile kokwa chungu za kutafuna. Siku hiyo Baba Mkubwa alikuwa amekwenda maziko. Mshenga akampa baba yake Sitan, Zoumana, azitunze hadi kaka yake arudi. Lakini Zoumana ni mtu ambaye furaha haimkai tumboni. Akapasua kola moja, akatafuna. Ya pili akampa jirani. Kufika magharibi zilikuwa zimekwisha zote kumi, mtaa mzima midomo myekundu, na Baba Mkubwa, mkubwa wa nyumba, alizipata habari za posa ya binti yake njiani, kutoka kwa muuza mkaa aliyekuwa akitema makapi.

Mwenyewe alisema neno moja tu: "Wametafuna." Kisha akaingia ndani, akashusha pazia.

Mara ya pili mshenga alimletea yeye mwenyewe, mkononi. Akazirudisha. Sasa watu wa Tiémoko walikuwa wametuma neno: watakuja mara ya tatu, Alhamisi. Kola ikija mara tatu isipopokelewa, kwa desturi, haiji tena. Wataitafutia mlango mwingine.

Kwa hiyo Sitan alikuwa akihesabu siku, naye Ilze alikuwa akiziandika. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliingiza kila alichokiona, na jioni, chai ikichemka kwenye jiko la mkaa, alimsomea Sitan.

"Siku ya kwanza," alisoma. "Kila anayenitukana ananipa chakula. Anayenitukana zaidi ananipa nyama."

"Hilo kweli," alisema Sitan.

"Siku ya pili. Watu hapa wanauliza habari za nyumbani kwangu kabla hawajanitazama usoni."

"Na wewe ukawajibu! Nani kakwambia ujibu?"

Maana mgeni alipoulizwa na muuza mkaa kama watu wa kwao hawajambo, badala ya kusema hawajambo akapita, alisimama kueleza kwamba bibi yake goti linamuuma tangu mwezi wa kumi, hasa upande wa ndani. Muuza mkaa alitua gunia akasikiliza. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unauliza goti limeamkaje. Siku ya tatu muuza mkaa akaleta mafuta ya shea kwenye kopo la maziwa, ya bibi, apake usiku na kufunga kitambaa. Ilze aliyapokea kwa mikono miwili, akaanza kushukuru, akashindwa, akaingia chumbani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Hanijui," alisema. "Bibi yangu hamjui kabisa."

"Analijua goti," alisema Sitan. "Inatosha."

Jumatano jioni Ilze alifunga daftari kabla hajasoma kitu. "Nieleze. Baba Mkubwa hasemi na baba yako. Na wewe hakutazami. Mimi namwita mtumwa wangu mbele ya watu, anacheka. Kwa nini?"

Sitan alimimina chai kutoka juu, povu likapanda. "Kwa sababu wewe ni mtani. Mtani hakasirikiwi. Mtani akija hata msibani akalala kaburini, haziki mtu mpaka apewe anachotaka. Akiomba neno mbele ya watu, hanyimwi."

"Hata jambo kubwa?"

"Hata." Kisha akaona jinsi mgeni anavyomtazama, akaitua birika. "Ilze. Hapana. Ule ni utani wa kukupokea. Alikuchekesha tu. Kesho ni siku ya wazee, kaa chumbani, nakuomba kwa jina la goti la bibi yako. Ukikosea neno moja tu, mimi nimekwisha."

Ilze akasema sawa. Akaandika kitu kwenye daftari, safari hii bila kusoma.

Alhamisi alasiri wazee wa Tiémoko waliketi mkekani, kanzu zao za bazeni zinang'aa kama bati jipya. Mshenga Balla, mtu ambaye ukoo wake kazi yake ni maneno, alisifu jina la Traoré hadi nzi wakatulia. Kisha akafungua majani mabichi, kola kumi nyeupe zikatokea. Zoumana alikaa pembeni kabisa, karibu na mbuzi, mikono magotini kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Sitan alikuwa nyuma ya pazia, mama yake amemshika kiwiko.

Baba Mkubwa aliziangalia kola muda mrefu.

"Balla," alisema, "maneno yako ni matamu, na watu hawa ni watu wema. Kijana sina neno naye. Lakini mimi nimeendesha treni miaka thelathini. Treni ikiondoka bila dereva, hamwendi kumwamsha ikishafika ili aje apige honi." Akasogeza majani kwa ncha ya vidole, taratibu, kuelekea kwa mshenga.

Kola ilikuwa imebakisha shubiri moja kugusa goti la Balla wakati mlango wa chumba cha mgeni ulipolia.

Sitan alifumba macho. Alipofumbua, Ilze alikuwa katikati ya uwanja, amejifunga khanga ya Mama Founè juu juu kama mtu aliyekurupushwa bafuni, ameshika kwa mikono miwili bakuli la enameli linalofuka moshi. Harufu ikatangulia kusema. Kunde.

Akachuchumaa mbele ya Baba Mkubwa, akatua bakuli juu ya mkeka, kati ya kola na mshenga.

"Mtumwa wangu Traoré," alisema, kwa Kibambara alichokuwa amekikariri usiku kucha, kila neno limesimama peke yake. "Umeamkaje?"

Mzee mmoja wa Tiémoko alikohoa. Mwingine akajifunika mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Mla kunde," alijibu Baba Mkubwa, polepole, "hapa kuna shughuli."

"Nimeiona. Nami nina shughuli. Siku ile uliniita Diarra. Ulisema kweli au ulidanganya?"

"Ala!" alisema mshenga Balla, akakaa vizuri. Mtu wa maneno huyanusa maneno kutoka mbali.

"Mimi sidanganyi," alisema Baba Mkubwa.

"Basi mimi ni mtani wako. Naomba kitu kimoja, kati ya viwili. Zipokee kola hizi. Au..." Neno likampotea. Akatafuta kiganjani, ambako alikuwa ameliandika kwa kalamu. "Au ule kunde hizi, zote, mbele ya watu hawa. Ukibakiza, kila punje ni chozi. Si lako. La huyo." Akanyoosha kidole kwenye pazia.

Hakuna aliyecheka. Pazia likatikisika.

Baba Mkubwa alitazama bakuli. Akatazama pazia. Sitan, akichungulia kwenye tundu, aliuona uso wa mzee, na hapo ndipo alipoelewa. Miezi miwili yote hii Baba Mkubwa alikuwa akitafuta mlango wa kutokea. Mdogo wake asingeweza kumfungulia, ndiye mkosaji. Mshenga asingeweza, ametumwa. Mtoto asingethubutu. Mkubwa akiombwa na wadogo akakubali, ameshindwa. Lakini mbele ya mtani hakuna aliyeshindwa. Mzee alikuwa amejijengea mlango huo mwenyewe, Jumamosi ile, kwa mzaha, bila kujua.

"Jamani Traoré," alisema hatimaye, akiwageukia watu wa nyumba yake kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "mnaona shida yangu? Diarra anataka nile kunde hadharani, ili kesho Bamako nzima ijue! Niwaache wajukuu zangu na aibu hiyo?" Akainua mikono juu. "Lete kola, Balla. Lete upesi, kabla harufu haijaniingia kwenye kanzu!"

Uwanja ukalipuka. Mama Founè akapiga kigelegele kilichowakimbiza kuku hadi barabarani. Wazee wa Tiémoko walipigana mabega kwa kicheko, na Balla alikuwa ameshaanza kuusifu ukoo wa Diarra wa nchi za barafu, ukoo aliokuwa ameujua kwa dakika tano.

Baba Mkubwa alichukua kola ya kwanza, akaipasua kwa ukucha. Hakula. Akanyoosha nusu moja hewani, kuelekea kwa mbuzi.

"Zoumana. Njoo."

Zoumana alikuja kwa magoti.

"Safari hii tafuna polepole," alisema kaka yake. "Na mimi nakuona."

Zoumana aliitia mdomoni, akajaribu kutafuna, lakini alikuwa analia, na mtu hawezi kufanya yote mawili. Baba Mkubwa akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo wakati dua zinaombwa: Mungu awape watoto, Mungu awape uzee, Mungu awaonyeshe mvua nyingi. Ilze aliitikia amina kwa bidii, mara nyingine kabla dua haijafika mwisho, na hakuna aliyemsahihisha.

Jua lilipoanza kulala wageni walikuwa wameondoka. Sitan alimkuta Ilze anakunja nguo zake. Safari yake ilikuwa kesho. Sitan alikuwa amepanga maneno mengi mazuri ya kumwambia. Alichofanya ni kumwekea mapajani kitambaa cha bazeni, kile cha bluu cha Jumamosi, kimegongwa kwa marungu hadi kinateleza.

"Kisikilize kikikunjwa," alisema. "Kinavyolia hivyo, ndiyo kizuri. Cha bibi. Au cha goti, mtaamua wenyewe."

Ilze alikishika. Safari hii aliijua dawa. "Mtumwa wangu," alisema, "kitambaa kibaya sana hiki," akakitia mkobani, juu kabisa ya nguo zote.

Sitan akaenda kuokota vyombo. Mkeka ulikuwepo, majani ya kola yalikuwepo, bakuli la kunde halikuwepo. Akatafuta jikoni. Akamuuliza mama, akamwuliza baba, ambaye bado alikuwa anatafuna. Mwisho akasogeza pazia la Baba Mkubwa.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameupa mlango mgongo, bakuli mapajani.

"Sitan," alisema bila kugeuka. "Hujaona kitu."

"Sijaona kitu, Baba Mkubwa."

Aliendelea kula, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayemalizia kazi aliyopewa. Kijiko kilipokwangua chini aliliinamisha bakuli kwenye mwanga wa dirisha, akaisaka kwa kidole punje moja iliyojificha ukingoni, akaila nayo.

"Ungenibakishia," alisema Sitan. "Tangu asubuhi sijala."

"Wewe? Hata punje moja." Akageuka sasa, akamwonyesha bakuli, jeupe, tupu, safi. "Humu hamna chako."

Sitan alilipokea kwa mikono miwili.

"Na yule Diarra usimwambie," alisema Baba Mkubwa. "Mwambie tu, Mungu amfikishe kwao salama. Na goti lile lipone."

"Amina," alisema Sitan.