Mfungo wa Zabron

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuificha. Pale Mikumi ninapokaanga chipsi, madereva wa malori wanajua kwamba anayenishika kiuno anaondoka na alama ya mafuta ya moto. Kwa hiyo Happiness, binti wa jirani yetu, aliponipigia simu kusema mdogo wangu Zabron amefungwa mnyororo kwenye kambi ya maombi nje kidogo ya Kilosa, na hiyo ni siku ya sita hajala, nilizima jiko viazi vikiwa bado ndani ya karai, nikaenda stendi.

Zabron ana ugonjwa wa akili. Nasema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mwaka juzi sauti zilimwambia kwamba mama yetu si mama yetu, akamvunja mkono. Hospitali walimpa vidonge, na kwa miezi minane alirudi kuwa fundi uashi anayepiga lipu huku akiimba tenzi. Mama ni mzaliwa wa Mamboya, amekulia kwenye kwaya ya Anglikana. Alimshukuru Mungu na daktari kwa pumzi moja. Kisha akatokea Nabii Theodory na turubai lake, akasema kijana amepona nusu tu. Nusu iliyobaki ni jini la kike, na halitoki ila kwa mfungo wa siku saba, bila chakula, na maji funda moja tu kila jioni.

Nilifika saa saba mchana. Zabron alikuwa amefungwa kwenye nguzo katikati ya turubai, mgongo umechanika kwa fimbo za mpera, midomo imepasuka kwa kiu. Wanaume wawili walikuwa wanapokezana kumchapa huku watu wakiimba. Kila fimbo ilipotua, Nabii alifoka, "Taja jina lako!" Na ndugu yangu, maskini wa Mungu, alijibu kwa adabu, "Zabron." Basi wakamwongeza.

Mama alikuwa kwenye mkeka, mbele kabisa.

"Shikamoo mama," nilisema, maana hata ukiwa na moto tumboni, mzazi husalimiwa.

"Marahaba, Yudith mwanangu. Umekuja tuombe?"

"Dawa zake ziko wapi?"

Akafungua fundo la kanga. Vidonge vya siku zote sita vilikuwemo, hakuna hata kimoja kilichopotea.

"Nesi alisema asimeze kabla ya kula," akaniambia. "Na Nabii amesema asile. Sasa ningempaje? Akimaliza mfungo tutaendelea."

Angevitupa ningemwelewa. Tungegombana yakaisha. Lakini mama alikuwa amemtii nesi na amemtii nabii, wote wawili, neno kwa neno, na mwanawe alikuwa anakufa katikati ya utii huo. Nililia pale pale, kwa hasira.

Halafu nikaingia. Yule aliyeinua fimbo nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Wa pili nilimpiga teke panapomuuma mwanamume. Nabii akanikamata nywele; nikamgonga usoni kwa kichwa, pua ikapasuka, suti yake nyeupe ikaharibika. Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni kwake. Niliuvuta mpaka kamba ikakatika.

"Ndiye huyo!" alipiga kelele, damu ikimtoka kati ya vidole. "Zabron! Yule mwanamke anayekutesa amekuja kwa sura ya dada yako!"

Sikumjali. Nilifungua kufuli, mnyororo ukaanguka.

"Twende nyumbani, mdogo wangu."

Aliniangalia. Siku sita bila chakula, bila dawa, na maji ya funda moja moja. Siku sita anaambiwa kuna mwanamke ndani yake anayetaka kumchukua. Akanikaba koo kwa mikono yote miwili, mikono ya kubeba tofali, tukaanguka chini. Nilisikia kitu kinalia ndani ya shingo yangu. Waimbaji wakazidi kuimba. Mama alipiga magoti, amefumba macho, anakemea pepo. Hakuna aliyesogea. Nilijaribu kumwita kwa jina lake, sauti haikutoka.

Kufuli lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimpiga nalo usoni. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili nililenga jicho.

Bodaboda wawili waliosikia kelele ndio waliotufikisha hospitali. Nabii alikunja turubai jioni ile ile, na mpaka leo polisi wanamtafuta.

Zabron alilazwa wiki tatu. Alikula, akanywa maji, akameza vidonge, na sauti zikanyamaza moja baada ya nyingine. Jicho halikurudi. Fundi wa jicho moja anapata tabu kusoma timazi na kujua kama ukuta umenyooka. Nililijua hilo kila nilipomletea chakula, na sikulala vizuri hata siku moja.

Jumapili moja alikuwa anakula ugali na maharage, mama yuko nje anafua mashuka.

"Dada," akasema, "hili jicho walinitoboa wale wachapaji?"

Ningeweza kuitikia. Nani angenipinga?

"Hapana. Ni mimi. Nilikupiga na kufuli. Ulikuwa unaniua, Zabron."

Akatafuna tonge lake mpaka likaisha. Mimi nilifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Usilie," akasema. "Hukuwa wewe. Ni lile jini lilikuwa limekuingia."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekusogezea kiti. Daktari alikuwa amemweleza kwamba hakuna jini, na mimi nilikuwa nimemweleza mara kumi. Alikuwa na akili zake zote, na kwa akili hizo alikuwa ananisamehe kwa njia pekee aliyofundishwa.

Nilifungua mdomo nimkatalie, kama nilivyowakatalia wote kule kambini. Jicho lake moja lilikuwa linanisubiri.

"Amina," nikasema.