Chumba cha Muzdalifa

Fundi Mfaume alikuwa na kiburi cha aina moja tu, na wengi walisema amekistahili. Tangu ujana wake pale Maparoni, hakuna chombo cha mbao kilichopita mikononi mwake kikavuja tena. Ukimletea mashua ataigonga ubavuni kwa vidole, atasikiliza, kisha atakwambia taruma gani kati ya mbavu zake za ndani limeoza kabla wewe hujakaa kitako. Watu walimsifu, naye, tuseme kweli, alizipenda sifa.

Kwa hiyo Ridhiwani alipomwita akalitazame boti la marehemu kaka yake, Mfaume hakuona kazi ya kumtoa jasho. Aliona kibarua cha asubuhi moja.

Lilikuwa boti dogo la faiba, la starehe za watalii, lenye chumba cha kulala huko nyuma, tezini. Marehemu Hashimu alilipata kwenye kambi iliyofungwa akalifufua mwenyewe. Mafuriko yalipochukua nyumba yao, yeye na mkewe Muzdalifa walihamia katika chumba hicho, boti likiwa limekaa matopeni ukingoni mwa mto, na humo ndimo Hashimu alimougulia siku tatu hadi akafa. Na kwa kuwa mjane hukaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe, Muzdalifa aliikaa botini. Miezi minne na siku kumi, pazia mlangoni, wanawake tu wakiingia na kutoka.

Hashimu hakuacha mtoto. Wazee walikaa, wakaamua boti liwe la Ridhiwani, aliyetaka kule nyuma kuwe wazi apakie magunia ya mpunga. Chumba kikawa fungu la Muzdalifa: kitolewe kizima, kiwekwe nchi kavu, kwenye kipande cha ardhi cha ukoo hapo ukingoni, akae humo maisha yake. Ridhiwani alikubali ardhi hiyo ikae chumba hicho, wala si kitu kingine, maana alikuwa mtu wa kushika neno moja na kulikaba koo. Muzdalifa hakuwa na baba wala mama. Kwao Mtunda alibaki mjomba ambaye hata msibani hakuja. Chumba kikitoka salama, ana kwake. Kikiharibika, hana pa kuweka kichwa. Mfaume alilijua hilo kama kila mtu alivyolijua.

"Mwambie nitamtolea kizima kama yai," alimwagiza mkewe Ashura, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea mjane chakula.

Shida ilikuwa siku. Bamvua lenye maji ya kulinyanyua boti lile kutoka pale lilipokwama huja mara chache kwa mwaka, na safari hii lilikuwa linaingia siku ileile eda inapokwisha. Ilibidi vipimo viwe tayari kabla, na asubuhi hiyo iwe ni kukata tu, chumba kitoke kabla maji hayajajaa. Mfaume akapima kwa nje. Mlangoni hakusogea hata hatua moja. Mwanamume atafuata nini kwa mwanamke aliye edani? Alizunguka na kamba yake, akatia alama za mkaa, akagonga ubavu kutafuta mataruma. Sauti ilikuwa moja tangu mbele hadi nyuma. Hapo mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Mfaume alijiambia kwamba waliolitengeneza wamezificha mbavu zao vizuri, akakunja kamba.

Jioni moja Ashura alirudi na ujumbe.

"Muzdalifa anauliza kama kuna lolote la humo ndani unataka kulijua."

"La nini? Mie leo ndiyo naanza kushika msumeno? Mwambie atulie amalize eda yake."

Ashura alimtazama kidogo, akaenda zake jikoni.

Siku ikafika. Alfajiri wanawake walimchukua Muzdalifa hadi nyumbani kwa Ashura, wakamwogeshe na kumvua nguo za eda. Ndipo Mfaume alipoingia chumbani kwa mara ya kwanza. Palikuwa pamefagiwa. Kitanda kilitandikwa, nguo zimekunjwa ndani ya kikapu, na msahafu uko juu kwenye rafu. Aliutoa msahafu kwa mikono miwili akampa mtu aupeleke nchi kavu. Kisha akautazama ukuta uliotenga chumba na injini, akaupiga teke kwa kisigino.

"Huu wa kutenga tu," alisema. "Utatoka pamoja na paa."

Katika vyombo alivyovijua yeye, ukuta ni kama pazia. Kinachoshika chombo ni mataruma. Alikuwa sahihi kwa miaka arobaini, na ndiyo maana hakujiuliza.

Yeye na wasaidizi wake wakawasha jenereta, wakakata kwa grainda kufuata mkaa, vumbi jeupe likawawasha shingoni. Maji yalikuwa yameanza kupanda mikokoni walipomaliza. Wanaume wanane wakapitisha boriti chini ya kingo za chumba, wakasema bismillahi, wakanyanyua. Pembe moja ilipanda. Ukuta haukupanda.

"Nyanyueni," Mfaume alisema. "Umenasa kidogo tu. Nyanyueni kwa nguvu."

Wakanyanyua kwa nguvu. Paa lilipasuka toka pembe hadi pembe, kuta mbili zikaangukia kitandani, na ule ukuta wa kati ukang'oka na kipande cha chini ya boti. Mfaume alichungulia pale tunduni akayaona matope. Hapo ndipo alipoelewa, na afadhali asingeelewa kabisa. Boti lile halikuwa na mataruma. Kuta zake ndizo zilizolishika, zimegandishwa mpaka chini kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo.

Bamvua halikuchelewa. Maji yaliingilia tunduni, yakapanda polepole. Ridhiwani alishika kichwa chake.

Muzdalifa alikuja na wanawake, ameoga, amevaa kanga mpya. Watu wakampisha. Alikitazama chumba chake, kisha ule ukuta uliong'oka.

"Ukuta ule umeshikana na mkuku," alisema. "Hashimu alinionyesha. Ukatwe kwanza huku chini, ndiyo paa linyanyuliwe. Ningekwambia, Fundi."

"Ulikuwa edani, mwanangu."

"Nilikuwa edani, sikuwa bubu. Mkeo nikizungumza naye kila siku."

Mfaume alitamani ardhi ipasuke immeze. Kuuliza si ujinga, huambiwa hata watoto wa madrasa, na yeye mwenye mvi alikuwa ameletewa swali hadi nyumbani akalikataa.

"Nitakujengea," alisema. "Nitakata boriti kwa mkono wangu, nikujengee kibanda palepale."

Muzdalifa alimgeukia Ridhiwani.

"Shemeji, nijengewe?"

Ridhiwani hakuondoa macho kwenye boti lililokuwa likijaa.

"Tulikubaliana chumba," alisema. "Chumba kiko wapi?"

Wazee walikuwapo, wakaangalia chini. Pale alihitajika mtu wa kumwambia Ridhiwani kwamba ule haukuwa utu. Mfaume alifungua kinywa, akaliona boti, akakifunga. Aliyemvunjia mtu chombo chake atamwambia nini?

Muzdalifa aliingia majini akakitafuta kikapu chake cha nguo. Mfaume alinyoosha mkono ampokee, naye akapita upande wa pili.

Vyombo vya kwenda Nyamisati, njia ya Mtunda, huondoka maji yakishajaa, na siku ile yalijaa mapema. Ashura alimsindikiza Muzdalifa hadi kwenye chombo, msahafu kwapani na kikapu kikichuruzika maji, aende Mtunda kwa mjomba asiyejua kama anakuja. Mfaume hakwenda kuaga. Alikuwa bado amesimama kando ya boti, maji yamemfika kiunoni, na hakuna aliyemwita atoke.