Mistari ya Chini

Baba yangu alikuwa karani wa kanisa la Kimetodisti hapa Kamina, na mwandiko wake ulisifiwa hadi Bukama. Nimeurithi, na kiburi chake pia. Watoto wa darasa la kwanza wakiniletea herufi zilizopinda, damu inanichemka.

Jumatatu ile nilifungua daftari la Talitha, binti wa askari wa kambini. Nilikuwa nimemwandikia mfano kwa kalamu nyekundu, herufi "l" zenye vitanzi. Mistari ya juu aliinakili vizuri. Ya chini ilikuwa balaa: vitanzi vimelala huku na huku, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka.

"Ni nani aliandika huku chini?"

"Ni minyi, Madame."

Nilijua anadanganya. Nikachana ukurasa, nikauinua darasa zima liuone.

"Muangalie! Hata kuku anaandika muzuri kupita huyu!"

Wakacheka huku wakipiga madawati. Nikaubandika mlangoni. Talitha hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Madame, samedi ya ripoti mama atasaini ye mwenyewe." Nikamwambia anyamaze, akae.

Jumamosi wazazi walikuja kuchukua ripoti. Anayejua kuandika anasaini kwenye orodha. Asiyejua anatia kidole. Muhula uliopita Ndaya, mama yake Talitha, alitia kidole. Safari hii alikuja na kitenge kipya, na kalamu yake mwenyewe mkononi. Mlangoni akasimama. Akautazama ule ukurasa kwa muda mrefu, kisha kalamu akairudisha mkobani.

Hapo nikaelewa ulikuwa mkono wa nani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama Talitha, saini hapa," nilisema.

"Hapana, Madame. Munipe tu ile wino. Minyi nitatia kidole."

Wazazi walikuwa wamejipanga nyuma yake. Ningeweza kumwomba radhi mbele yao, kama nilivyoutia aibu mwandiko wake mbele ya darasa. Nilishindwa. Nikamsogezea wino.

Jumatatu niliubandua ukurasa. Katika daftari la Talitha niliandika mfano wa pili, chini, kwa kalamu nyekundu: Ndaya. Nikaacha mistari mitano mitupu. Daftari likarudi kesho yake. Talitha alikuwa amejaza mistari yake ya juu, safi kabisa. Chini ya jina la mama yake hapakuwa na kitu.

Kila wiki naandika jina lile. Kila wiki linarudi peke yake.