Muhuri wa Arobaini na Saba

Yeh Pi-hsia alitoka nyumbani Jumamosi hiyo asubuhi akiwa ameapa jambo moja: leo hanyamazi.

Mara ya kwanza alinyamaza. Binti yake Pei-chun alipounda kompyuta yake ya kwanza, alimaliza fedha zote kwenye kadi ya picha, ile inayochora kila kitu kwenye skrini, halafu pawa saplai, lile sanduku linaloigawia mashine nzima umeme, akaokota la bei ya chee. Pi-hsia aliliona, akajua ni takataka, akafunga mdomo. Mimi nimeshastaafu, alijisemea, mambo ya vijana yamebadilika, nisije nikachekwa bure. Basi mwezi uliopita takataka ile ikalipuka, ikaondoka na kompyuta nzima na katuni ambayo Pei-chun alikuwa ameichora kwa miezi mitano. Binti hakulia. Alikaa sakafuni akiunusa moshi, na mama mtu akatamani ardhi ipasuke immeze, maana alikuwa amekagua pawa saplai miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha Taoyuan, na siku ile hakusema hata neno moja.

Sasa studio iliyomtaka Pei-chun kazini ilikuwa imemwongezea wiki tatu tu. Asipopeleka katuni, nafasi anapewa mwingine. Mashine ikifa tena, ndiyo basi.

Duka lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko la kompyuta la Taipei, finyu, limejaa maboksi hadi darini. Mwenyewe aliitwa Kuo Yung-fa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, kikombe cha chai ya maziwa hakimtoki mkononi. Pei-chun alimzoea tangu alipokuwa chuoni.

"Safari hii nimekuwekea kitu cha maana," Yung-fa alisema, akatua sanduku jeusi kaunta. "Wati mia saba na hamsini. Kampuni ya hapa hapa nyumbani, siku hizi haipatikani ovyo. Mama, hebu lishike uone uzito. Pawa saplai nzuri mkono ndio unaoijua."

Pi-hsia alilishika. Lilikuwa zito, kweli. Lakini uzito wote ulikuwa umelalia upande mmoja, na mkono wake haukuupenda.

"Mama, tafadhali," Pei-chun alinong'ona. "Usianze."

"Nimeshaanza."

"Kaka Yung-fa anauza hivi vitu kila siku. Wewe ulikuwa unakagua zamani. Zamani, Mama."

Neno hilo lilimchoma. Zamani ingekuwa imemwokolea binti yake miezi mitano, laiti mwenye zamani angefungua mdomo. Pi-hsia aligeuza sanduku taratibu, ubavu huu, ubavu ule, kama alivyoyageuza maelfu kwa maelfu, na karibu na tundu la waya akaona stika nyeupe ndogo kama ukucha. Imepita majaribio, iliandikwa, na chini yake muhuri wa namba ya mkaguzi na tarehe. Akavaa miwani. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Unaona?" Yung-fa akadakia. "Imekaguliwa hiyo, na mtu na namba yake. Arobaini na saba. Huyo mtu ameweka jina lake hapo."

"Huyo mtu ni mimi," Pi-hsia alisema.

Yung-fa akacheka hadi chai ikamwagika. "Haya, si ndiyo raha yenyewe! Umeipitisha mwenyewe, sasa unabishana na nani?"

"Soma tarehe."

"Machi mwaka jana."

"Mimi niliondoka kiwandani miaka sita iliyopita. Namba yetu harithi mtu. Siku ya kuagwa wanakupa muhuri wako unaondoka nao, hata ungefanya kazi mwaka mmoja. Wangu uko nyumbani kwenye droo, pamoja na sindano na uzi." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ya hasira. Mtu fulani asiyemjua alikuwa ameichukua namba yake akaibandika kwenye uchafu. "Aliyeighushi hii alipata moja ya kwetu ya zamani akainakili yote, hata mimi akaninakili."

"Mama, stika tu hiyo," Pei-chun alisema, ingawa sasa alikuwa ameinama kuitazama.

Yung-fa aliacha kucheka. "Angalia mama yangu, mimi sikuanza biashara jana. Huu mzigo umetoka kwa mtu ninayemwamini."

"Sijasema wewe mwizi. Nipe bisibisi."

"Nikiifungua, nani atainunua?"

"Mimi. Nikikuta ndani imepangwa tulivyokuwa tunapanga, nainunua hiyo hiyo iliyofunguliwa, na nakuomba radhi hapa mbele ya wateja wako."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua vipoza joto waligeuka. Yung-fa akaona hana pa kutokea. Akafungua mwenyewe, skrubu nne, akainua kifuniko.

Transfoma ilikuwa ndogo, ya kufaa redio. Waya zilikuwa nyembamba. Na upande ule uliolemea, kimegandishwa kwa gundi, kulikuwa na kipande cha saruji.

Yung-fa alikigonga kile kipande kwa ncha ya bisibisi, mara mbili, kama mtu anayetaka kusikia kitasema nini. Uso ulimshuka. Akageukia rafu, akashusha masanduku mengine manane ya aina ile, akayarundika chini ya kaunta.

"Nimeuza matatu wiki hii," alisema polepole. "Ngoja niwapigie simu."

"Wapigie sasa hivi," Pi-hsia alisema. "Halafu hicho kifuko cha vitafunio ulichoweka juu ya mashine kuiombea isiharibike, badilisha. Rangi ya kijani ndiyo yenyewe ya bahati, lakini kimepita tarehe tangu mwezi wa pili. Kitakulindaje?"

Yung-fa akakitazama kifuko, akashindwa kujizuia, akacheka kidogo.

Safari hii aliyechagua ni Pi-hsia. Alifunguliwa masanduku matatu ya kampuni nyingine akayakataa, la nne akalipokea. Lilikuwa na wati chache kuliko lile la saruji, bila mbwembwe, na Pei-chun akalibeba mwenyewe.

Saa nane mchana kompyuta ilikuwa imeshaungwa nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula. Pei-chun akanyoosha mkono apige picha aitumie studio kwamba ameanza kazi.

"Bado," mama yake alisema. "Kiwandani ni masaa manne chini ya mzigo kamili, chumba kikiwa cha moto. Funga madirisha. Zima kiyoyozi."

"Mama, ni Julai. Utanichemsha."

"Chemka. Bora wewe kuliko katuni."

Pei-chun akacheka, akafunga madirisha. Akaiwasha mashine, akaipa ile sehemu nzito kuliko zote, bahari yenye dhoruba aliyokuwa ameanza kuichora upya, iikokotoe yote kwa mpigo. Vipoza vikanguruma. Kila robo saa Pi-hsia aligusisha ncha za mita ya kupimia volti kwenye waya, akasoma, akaandika daftarini. Saa ya kwanza binti alikuwa kwenye simu yake. Saa ya pili aliiweka chini. Saa ya tatu jasho lilikuwa limemlowesha fulana, na mita alikuwa ameishika yeye.

"Volti kumi na mbili nukta sifuri tano," alisoma.

"Na kabla ya hapo?"

"Hiyo hiyo. Haijatikisika, Mama."

Saa kumi na mbili jioni Pi-hsia alifunga daftari akaenda kufungua dirisha. Aliporudi, alikuta droo ya sindano imefunguliwa. Juu ya meza kulikuwa na kipande cha karatasi nyeupe kilichokatwa kidogo kama ukucha, kidau cha wino, na muhuri wake.

"Piga," Pei-chun alisema. "Bila huo siiamini."

Pi-hsia akaupuliza muhuri vumbi, akauchovya, akaukandamiza, akahesabu hadi tatu kama zamani. Arobaini na saba. Pei-chun akachukua kalamu, na chini yake akaandika tarehe ya leo.