Mwavuli Juu ya Nyumba ya Cansilde

Mimi ndiye niliyesema majani yang'olewe. Watu wa Nyakiriba wanasema ni mvua, padri anasema ni mipango ya Mungu, na kampuni imeleta barua ya rambirambi inayotaja majanga ya asili. Waache waseme. Mvua haina mdomo wa kujitetea. Mimi ninao, na siku ile ulipohitajika niliutumia vibaya.

Naitwa Karenzi. Nina kitalu cha miche Rugerero, karibu na barabara. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na Kiswahili changu ni cha huko, kwa hiyo Cansilde hakuchoka kunicheka. "We Karenzi unasemaka sawa radio," aliniambia kila tulipokutana. "Mutu anakuuliza saa, unamupa habari yote." Yeye alitoka Masisi, Kongo. Alikuwa mjane, ana ng'ombe mmoja na nyumba ya matofali ya udongo chini ya mteremko mkali wa Nyakiriba. Mteremko ni wa serikali, lakini mwaka waliporudi Rwanda kutoka ukimbizini, yeye na marehemu mumewe waliupanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe tunayoyaita urubingo. Waliyapanda mistari ya kukingama, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikula, na udongo ulikaa pale ulipo.

Ndipo ikaja kampuni ya bima kutoka Kigali kutaka kupanda miti. Aliyetumwa ni kijana anaitwa Régis, mwenye viatu vyeupe na kompyuta ndogo mkononi. Alama ya kampuni yao ni mwavuli. Régis akanionyesha mchoro: miche ya grevilea ipandwe mteremkoni kwa umbo la mwavuli, ili ndege ndogo ya kamera ipige picha kutoka juu. Kitambaa cha mwavuli kingekaa kileleni, na mpini wake ungeshuka moja kwa moja mpaka chini. Majani yote yaondoke, maana yangeficha umbo.

Sasa mimi nimepanda miti miaka ishirini na mbili. Hata mlevi wa kijijini anajua miti ya mlimani hupandwa kwa kukingama, si kwa kufuata maji. Nilifungua mdomo nimwambie. Régis akatoa fulana ya kijani, na mgongoni wameandika MTAALAMU KARENZI. Jina langu, kwa herufi kubwa. Nikafunga mdomo, nikaivaa fulana. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikivaa mwenyewe na nikauliza kama kinanikaa vizuri.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba ikafika, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ambayo hakuna kaya inayokosa kutoa mtu. Watu walijaa mteremkoni na majembe. Régis alieleza kazi kwa kipaza sauti, kisha akauliza kama kuna swali. Cansilde akanyoosha mkono.

"Bon, mi niko na swali moja tu," alisema. "Hii majani ndiyo inakamataka udongo juu ya nyumba yangu. Tukiing'oa leo, hii miti itakamata lini?"

Régis akanipa kipaza sauti. Jibu nilikuwa nalo: miaka mitatu, mama, labda minne, na mvua kubwa zinaanza mwezi ujao. Maneno kumi na kidogo. Lakini watu zaidi ya mia mbili walikuwa wananitazama na jina langu mgongoni, na nikajisikia mkubwa kama waziri.

"Mama," nikasema, "miche hii ikishaingia ardhini, kilima hiki hakiendi popote. Lala usingizi."

Wakapiga makofi. Hata yeye alipiga. "Kama ni Karenzi amesema, basi," akawaambia walio karibu, akainama na kushika shina la kwanza. Aliyang'oa majani yake kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi nzima, pamoja na jirani yake Mbonigaba ambaye huwa hamwachi peke yake kazini. Mizizi ilikataa kutoka. Tuliwaletea sururu.

Kazi ilipokaribia kwisha nilimkuta nyuma ya nyumba anachomeka vipande vya urubingo, mstari mmoja wa kukingama. Mstari ule ulikata mpini wa mwavuli kabisa. Nikamwambia avitoe, vitaharibu picha. Akavikusanya kwenye kanga, akaenda kuvichomeka nyuma ya zizi la ng'ombe, pembeni, mahali ambapo kamera haikuwa na habari napo.

Novemba mvua zikaanza. Wiki ya pili Cansilde alikuja kitaluni kwa miguu, miguu yote matope.

"Karenzi, ile mpini yako inakunywa maji," alisema. "Kuja uone."

Nilikwenda. Mashimo ya miche, moja chini ya lingine, yalikuwa yameungana kuwa mfereji, na maji yalishuka ndani yake kama kwenye bati, yakagonga ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Kina cha mfereji kilifika kifundo cha mguu. Nilijua ninachokitazama. Dawa yake ni mtaro mmoja wa kukingama juu ya nyumba, kazi ya mtu mmoja na jembe moja kwa asubuhi moja. Jembe lilikuwa mlangoni kwangu.

Nilimpigia simu Régis. Akasema wakurugenzi wanakuja tarehe tano Desemba kuuona mwavuli, nisiuguse mpaka wapite. Nikamwambia Cansilde asubiri kidogo.

"Bon," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Sikulala vizuri siku zile, nisidanganye kwamba nililala. Lakini sikunyanyuka.

Jumapili ya mwisho ya Novemba mvua ilianza tukiwa kanisani. Alasiri, saa tisa hivi, Mbonigaba akanipigia simu. "Kuja na watu," alisema. Nilipofika, mpini haukuwepo tena, wala mteremko uliokuwa chini yake. Udongo ulikuwa umeteremka palepale tulipouchorea njia na kusimama juu ya nyumba. Bati la paa lilionekana upande mmoja tu. Tulichimba kwa majembe yaleyale ya umuganda, na kila nilipochimba nilikutana na miche yangu, mingine mizima, majani mabichi, mizizi haijazidi kiganja. Tulimpata kabla ya jua kuzama, kitandani, na nguo za kanisani hajavua. Alikuwa amelala, kama nilivyomwambia.

Zizi lilikuwa limesimama. Nyuma yake ule mstari mmoja wa urubingo ulikuwa umeshachipua, na tope lilikuwa limepinda hapo likapita pembeni. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Siku ya mazishi ikatafutwa picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Hakukuwa na picha. Kitambulisho na vyote alivyokuwa navyo vilikuwa chini ya udongo. Ilipatikana moja tu, ile iliyopigwa na ndege ndogo ya Régis: mwavuli wote wa kijani, na chini kabisa, mpini unapoishia, Cansilde, mdogo kwa mbali, uani kwake ameinua uso, mkono juu ya macho, anatazama kinachopiga kelele angani. Fundi wa picha mjini alimkuza. Alijitahidi, lakini mpini hakuweza kuutoa. Ulibaki umemsimamia kichwani.

Régis alikuja na shada la maua, akasimama nyuma, viatu vyake vimechafuka safari hii. Mbonigaba ndiye aliyekuwa anaongoza maneno. Akanipa kipaza sauti. "Sema wewe, Karenzi," alisema. "Alikupenda, na wewe unajuaka kusema."

Nikakishika.

"Siku ya umuganda Cansilde aliniuliza swali mbele yenu," nikasema. "Aliuliza miti itashika udongo lini. Nilijua kwamba ni miaka mitatu au minne. Nilijua majani yasing'olewe. Nilijua mbele yenu, na nilijua tena nilipouona mfereji. Nilimwambia alale."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Donc, kumbe ulijua," Mbonigaba alisema.

"Nilijua."

Akanyoosha mkono, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu polepole, akampa padri.