Daftari la Makatazo

Ngazi za nyumba ile zilikuwa hamsini na nne, na Mama Pindo alizijua kwa masikio tu. Tangu nyonga yake ya kushoto ilipogoma, hakushuka hata moja kwa miguu yake. Alikaa ghorofa ya tatu, kwenye kiti kando ya dirisha, akisikiliza viatu vya majirani vikiteremka, ta, ta, ta, mpaka mlango wa chini ukagonga. "Huyo kashafika duniani," husema mwenyewe, kisha huanza kumhesabia mwingine.

Alikuwa fundi cherehani. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolikunja yeye lilidumu kuliko gauni lenyewe. Sasa cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa pembeni sebuleni kwa binti yake mkubwa, imefunikwa shuka kama maiti anayesubiri ndugu. Mguu haukanyagi, mashine itashona kwa maombi?

Dawa ilikuwa kupasuliwa nyonga. Madaktari bingwa wa mifupa walikuja hospitali ya pale kila baada ya miezi mitatu, wakakaa wiki moja na kuondoka, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Kilichomkwamisha ni upungufu wa damu. Ilipopimwa ikawa tisa.

"Nataka kumi na moja," daktari wa pale alisema. "Wakikupasua hivi, utaniaibisha mezani. Nakupa wiki sita, mpaka mabingwa watakapokuja. Meza vidonge hivi, na nyinyi watoto mlisheni mama." Akaita mgonjwa mwingine.

Basi watoto wakarudi nyumbani kumlisha mama. Hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Walikuwa watatu. Mkubwa alikuwa mwalimu, mwenye nyumba, na hata ndugu zake walimwita Mwalimu. Wa kati, mwanamume, alikuwa fundi bomba. Wa mwisho, Kitinda, alisuka nywele saluni, na saluni, kama mnavyojua, ni chuo kikuu kisicho na mtihani. Na watoto hawa walikuwa na sheria yao. Siku ya arobaini ya baba yao waligombea godoro mpaka majirani wakaja kuamua, na mama yao akawaapisha pale pale: kuanzia leo, neno la mmoja ni neno la wote, mmoja akisema, hakuna wa kulifuta. Miaka kumi na mmoja sheria ile ilishika kama gundi. Wakawa ndugu wa kusifiwa mtaa mzima.

Mwalimu akafungua daftari la mistari, akalitundika jikoni kwa uzi. Juu akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni: Mama Asile. Akaanza yeye: maharage, kunde, dengu na jamii zake. Mwenzake wa ofisini alikuwa na gauti, vidole vya miguu vikimvimba, naye aliambiwa aache maharage. "Kama yanaumiza kidole," Mwalimu alisema, "nyonga je?"

Fundi Bomba akaja jioni na begi lake la spana. Mteja wake mmoja alikuwa amefiwa na baba kwa presha. Akaandika: chumvi, nyama, maini, mayai, dagaa. Dagaa aliwapigia mstari mara mbili.

Kitinda akaja Jumapili. Mama wa mteja wake alipasuliwa moyo, na tangu hapo kakatazwa kubadilibadilisha mboga za majani, eti zinagongana na vidonge vyake vya damu. "Na mama naye si ni damu, na si ni kupasuliwa?" Akaandika: mchicha, kisamvu, majani ya maboga. Alipokuwa ameshika kalamu akaongeza na matunda, kwa sababu yana sukari.

Kila mmoja alisoma ya mwenzake, akaguna, akanyamaza. Sheria ni sheria.

Kilichobaki? Wali mweupe, viazi vya kuchemsha, uji mwepesi, na kabichi, ambayo ilipona kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuichukia. Na chai. Chai haikuwa na adui. Mama Pindo alikunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni, na kwa chai hiyo hiyo akamezea vidonge vyake.

Wiki ya kwanza alicheka. Wiki ya pili alianza kuota sufuria. Wiki ya tatu, akiinua mkono kusogeza pazia, moyo ulimpiga kana kwamba amekimbia sokoni na kurudi. Akachungulia ndani ya kope za macho yake kwenye kioo kidogo: palikuwa peupe kama kitambaa cha sanda. Hakusema. Angesema nini, na kwa nani? Akimwambia Mwalimu maharage yarudi, ataonekana amewapendelea wale wawili wengine. Akimwambia Kitinda, mtoto atalia, maana yule machozi yake yako karibu kuliko mate. Kila kufuli lilifungwa kwa mapenzi, na makufuli ya mapenzi hayavunjwi kwa nyundo.

Siku moja Mwalimu akiwa kazini, Fundi Bomba alikuja kushinda naye. Chini kwa jirani palikuwa na maharage jikoni. Harufu ile ikapanda ngazi zote hamsini na nne bila kupumzika.

"Mwanangu," Mama Pindo alisema, "kitendawili."

"Tega, mama."

"Nina milango mitatu. Kila mlango una askari, na kila askari ananipenda kufa. Ndani ninakufa njaa."

Fundi Bomba alikuna kichwa. "Malkia?"

"Malkia gani? Nipe mji."

"Haya, nakupa mji. Uende wapi?"

"Nimekwenda kwa jirani hapo chini, nikala bakuli moja la maharage, nikarudi. Sasa teremka ukaniletee."

Mwanamume akacheka, halafu kicheko kikamkwama. "Mama, ungeniomba dagaa ningekwiba mwenyewe nikupe. Dagaa ni neno langu. Maharage ni ya dada. Nitavukaje neno la dada?"

"Basi nipe dagaa."

"Aa, mama! Na presha?"

"Nina presha mimi?"

"Huna. Ndiyo tunavyotaka iwe hivyo hivyo."

Mama Pindo akamtazama mtoto aliyembeba mgongoni, ana mvi mbili kidevuni, anamnyima samaki mdogo kuliko kidole. Akaomba chai. Akaletewa mara moja, ya moto, imejaa pomoni.

Wiki sita zikatimia. Fundi Bomba na rafiki yake wakambeba kwenye kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, Mwalimu akitangulia kama mwenge, Kitinda akifuata na mkoba. Hospitali akatobolewa kidole. Waliketi kwenye benchi, wote wanne wakitazama mlango wa maabara.

Muuguzi wa lishe ndiye aliyewaita. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Alisoma karatasi mara mbili.

"Saba na nusu," alisema.

Kitinda akaanza kulia.

"Ilikuwa tisa. Mama, unavuja damu popote? Choo cheusi? Hapana? Basi niambie, jana ulikula nini?"

"Amekula vizuri sana," Mwalimu akasema.

"Mchana—" Fundi Bomba akaanza.

"Nimemuuliza mwenye tumbo."

Mama Pindo akafungua mdomo, akaufunga. Kulia kwake alikuwa Mwalimu, kushoto Fundi, nyuma Kitinda na kamasi zake. Kusema ukweli mbele ya mgeni ni kuwavua nguo wanawe. Kunyamaza ni kurudi kwenye kile kiti cha dirishani akahesabie watu ngazi mpaka azikwe.

Mwalimu akamwokoa bila kujua. Akatoa daftari mkobani, akalifungua kwa fahari. "Tumeandika kila kitu, dada. Hakuna aliyekiuka."

Muuguzi akasoma. Akafunua ukurasa, akasoma tena. Akavua miwani.

"Huyu mama alihukumiwa kwa kosa gani?"

"Kosa?"

"Nauliza tu. Maana hata gerezani wanakula maharage."

Fundi Bomba akainamisha kichwa. Mama Pindo akasikia kitu kimekatika ndani yake, pa, kama uzi uliovutwa kupita kiasi.

"Dada," alimwambia muuguzi, "jana nimekula wali na kabichi. Juzi kabichi na wali. Vidonge namezea chai. Usiwaseme wanangu. Sheria ya kutofutiana maneno niliitunga mimi, walipokuwa wanapigana kama majogoo." Akawageukia. "Leo naifuta. Mwenye neno la kijinga aambiwe na nduguye kwamba ni la kijinga. Nianze mimi: lile langu lilikuwa la kijinga."

"Mama—"

"Kitinda, futa kamasi. Sikilizeni mtu aliyesomea."

Muuguzi hakuwa na maneno mengi. Maharage, kunde na dengu vinajenga damu, alisema, na ni vya bei ya kila mtu. Mchicha na kisamvu pia. Dagaa, maini, nyama kidogo, hivyo mwili unavipokea upesi zaidi. Chungwa au ndimu pamoja na chakula husaidia madini ya damu yaingie. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ikae mbali, saa moja kabla au saa mbili baada ya chakula na vidonge. Gauti ni ya mwenye gauti. Yule wa vidonge vya moyo ana masharti yake, na ni yake peke yake.

"Sasa kupasuliwa?" Mama Pindo akauliza.

"Wiki hii haiwezekani, mama. Nafasi atapewa anayekufuata. Daktari atatafuta kwanza kama damu inapungua kwa sababu nyingine. Madaktari wa mifupa watarudi baada ya miezi mitatu. Njoo na kumi na moja yako."

Miezi mitatu. Miezi mitatu mingine kwenye kiti cha dirishani.

Walimpandisha ngazi wakigombana, kwa mara ya kwanza tangu lile godoro. "Wewe na presha zako!" "Na wewe na gauti ya watu!" "Angalau mimi sikukataza mchicha!" Ilikuwa kelele mbaya, na Mama Pindo, akiyumba kitini kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, aliona haijamtisha.

Saa nane mchana sahani ilikuwa mezani. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu, mchicha, dagaa wa kukaanga, wali kidogo, na chungwa limekatwa robo. Watoto watatu wakavuta viti, wakakaa mbele yake, viwiko mezani.

Akachota kijiko cha maharage. Vichwa vitatu vikafuata kijiko.

"Tafuna sana, mama," Mwalimu akasema.

"Anza na dagaa," Fundi akasema, "wanaingia upesi."

"Chungwa! Chungwa kwanza lifungue njia!" Kitinda akalia.

Mama Pindo akarudisha kijiko kwenye sahani. Njaa ilikuwa inamkata, lakini akasubiri mpaka wakanyamaza.

"Simameni," alisema. Wakasimama. "Geukeni ukutani."

"Mama, sisi watu wazima—"

"Ukutani."

Wakageuka, mwalimu, fundi bomba na msusi, pua tatu kwenye rangi ya ukuta. Mama Pindo akajisogezea sahani, akamwagia maharage maji ya chungwa, akala polepole, akianza na alichotaka yeye. Kila shingo moja ilipoanza kuzunguka, aligonga kijiko mezani, nayo ikarudi mahali pake.